Sungura Huyu ni wa Nani?

Iko picha moja ya sungura aliyekufa ambayo imenikaa kichwani kwa miaka kadhaa sasa. Ilichorwa kwa rangi za mafuta na Mfaransa aitwaye Jean-Baptiste Oudry, mwaka 1742, na siku hizi imo katika jumba la makumbusho ya sanaa la mji wa Cleveland, huko Marekani. Cleveland sijafika, na Paris alikoishi mchoraji wake sijafika pia. Nimeiona kitabuni tu, nikatoa nakala ya rangi kwa gharama iliyonitoa jasho. Sungura ananing'inia kichwa chini, katundikwa kwa mguu wa nyuma, masikio yamelegea, manyoya yake karibu unaweza kuyahesabu. Pembeni yake limetundikwa paja la kondoo. Nyuma yao ni ukuta mtupu wa rangi hafifu. Puani mwa sungura pana damu mbichi, inang'aa kana kwamba ukiigusa itakuchafua kidole. Basi. Hakuna mtu, hakuna bunduki, hakuna mbwa.

Najua ndugu msomaji utaniuliza: wewe mtoto wa Makere, sungura wa Mfaransa anakuhusu nini? Hapana shaka swali ni la haki. Makere iko njiani ukitoka Kasulu kwenda Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma. Tuna misitu miwili ya hifadhi yenye jina letu, Makere Kaskazini na Makere Kusini. Mashariki yetu ni pori la akiba la Moyowosi, na katika kata yetu ndiyo ipo kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mtu aliyekulia hapo katikati ya msitu, pori na kambi, hata kama hajawahi kushika panga, anajua kwamba nyama iliyotundikwa ukutani si nyama tu. Kwanza utazame mlango umefungwa au la.

Hebu nianze na Oudry mwenyewe. Alizaliwa Paris mwaka 1686, akafa mwaka 1755 huko Beauvais, mji ambako alikuwa msimamizi wa kiwanda cha kufuma mazulia ya ukutani. Alifundishwa na Nicolas de Largillière, mchoraji wa sura za watu, na inasimuliwa (Oudry mwenyewe aliwasimulia wenzake katika mhadhara wa mwaka 1749 mbele ya Chuo cha Kifalme cha Sanaa) kwamba siku moja mwalimu alimwagiza achore shada la maua. Kijana akachuma maua ya rangi zote. Mwalimu akamrudisha: kachume meupe matupu. Akachora meupe matupu, na hapo ndipo alipogundua kwamba weupe hauko mmoja. Kuna weupe wa kivuli, wa jua, wa kitambaa, wa karatasi. Uzeeni, mwaka 1753, alichora bata mweupe amening'inizwa mbele ya ukuta mweupe pamoja na vitu vingine vyeupe, picha ambayo wajuzi huitaja kuwa miongoni mwa kazi zake bora kabisa. Bata huyo aliibiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika jumba la Houghton, Uingereza, na mpaka sasa sijasikia kwamba amepatikana. Ujangili nao una matawi mengi.

Enzi yenyewe ndiyo wanayoiita Rokoko. Mfalme Louis wa 14 alikufa mwaka 1715, na mabwana wakubwa waliokuwa wamefungiwa naye kule Versailles wakarudi Paris kujenga majumba yao. Majumba hayo hayakuwa mazito kama ya mfalme mzee. Yalikuwa na kuta za rangi laini, nakshi za kupindapinda kama kombe za pwani, vioo, na vyumba vidogo vidogo vyenye kazi maalumu. Mojawapo ilikuwa chumba cha kulia chakula, jambo lililokuwa geni kidogo, kwa sababu zamani hata wakubwa walitandikiwa meza popote. Chumba kipya kikataka picha zake. Na picha gani zingefaa mahali pa kula kuliko kwale, bata mwitu, paa na sungura? Inasemekana sungura wetu wa 1742 naye alichorwa kwa ajili ya chumba cha namna hiyo.

Picha za aina hii Waholanzi na Waingereza wanaziita kwa jina lenye maana ya uhai uliotulia. Wafaransa, watu wasiomung'unya maneno, wanaziita maumbile yaliyokufa. Sisi katika Kiswahili hatuna jina moja lililokubalika, na sidhani kama ni upungufu. Jina huja pale ambapo kitu kinatengenezwa na kununuliwa.

Oudry hakuwa peke yake. Alitanguliwa na François Desportes, aliyechora mbwa wa kuwindia wa Mfalme Louis wa 14, na alikuwa na mshindani kijana, Jean-Siméon Chardin, aliyeingia Chuo cha Kifalme mwaka 1728. Rafiki yake Cochin aliandika kwamba Chardin, alipotaka kuchora sungura kwa mara ya kwanza, alimweka mbali kidogo na macho yake ili asishawishike kuhesabu unywele mmoja mmoja, bali amwone mzima, na rangi zake na uzito wake. Ndiyo maana sungura wa Chardin ni mnyonge kweli kweli, anakutia huruma, wakati wa Oudry amechanwa manyoya kama bwana harusi. Mimi, kama nikilazimishwa kuchagua moja la kutundika, nitachukua la Chardin. Lakini la kuzungumzia historia ni la Oudry, kwa sababu Oudry alikuwa mtu wa mfalme. Kuanzia mwaka 1733 alikuwa akichora michoro ya mazulia ya mawindo ya Louis wa 15, kazi iliyochukua zaidi ya miaka kumi. Alimfuata mfalme porini na kitabu cha michoro mkononi. Alijua fika nani anaruhusiwa kuua nini.

Maana sheria ilikuwepo, tena kali. Mwaka 1669 Louis wa 14, kwa mkono wa waziri wake Colbert, alitoa amri kubwa ya maji na misitu. Ndani yake uwindaji uliwekwa kuwa haki ya mfalme na ya mabwana wenye ardhi. Mkulima wa kawaida, hata sungura akiingia kabichi zake, hakuwa na ruhusa ya kumgusa. Yapo maeneo yaliyotengwa kwa mawindo ya mfalme ambamo mkulima alipangiwa hata lini avune majani, asije akavuruga viota vya kwale. Mwaka 1789, wananchi walipoambiwa waandike malalamiko yao, kijiji baada ya kijiji kiliandika habari za sungura, njiwa na nguruwe mwitu. Usiku wa tarehe 4 Agosti mwaka huo Bunge lao lilianza kufuta haki za mabwana, na haki ya peke yao ya kuwinda ikafutwa katika kifungu cha tatu. Wakulima hawakungoja wino ukauke.

Kwa hiyo rudi kwenye picha, bwana, uitazame tena. Paja la kondoo lilitoka kwa mchinjaji, mwenye pesa yeyote angeweza kulinunua. Sungura alitoka kwenye ardhi ya mtu mwenye haki ya kuwinda, na mgeni aliyekaa mezani chini yake alikuwa akiambiwa kimyakimya: mwenye nyumba hii anaruhusiwa. Yaani ile damu puani ilikuwa kama muhuri kwenye hati.

Huu sio ugunduzi wangu peke yangu. Nilimpelekea nakala mzee mmoja wa kwetu, aliyekuwa mwindaji wa gobore enzi za ujana wake. Jina lake sitalitaja, naye alitaka iwe hivyo. Nilimkuta kakaa chini ya mwembe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeniletea nini, karatasi za kupiga kura?"

Nikampa picha. Akaiweka mbali, akaisogeza, akaiweka mbali tena, kama Chardin na sungura wake. Nilitegemea aniulize ni nani kachora. Hakuuliza.

"Huyu hakunaswa na waya," akasema. "Waya unakata, ungeona jeraha mguuni au shingoni. Na hakuumwa na mbwa, ngozi nzima. Kapigwa risasi ndogo, tena si muda mrefu, damu bado mbichi. Tumbo hawajalifungua. Sasa mtu mwenye njaa anamtundika sungura bila kumpasua tumbo?" Akacheka. "Huyu hataliwa leo. Huyu kawekwa aonekane." Kisha akanirudishia karatasi yangu na kuuliza: "Sungura huyu ni wa nani?"

Nimesoma kurasa nyingi za wataalamu juu ya Oudry, na sijui kama yupo aliyeuliza vizuri kuliko hapo.

Nikamwuliza na mimi: zamani hapa kwetu, mnyama alikuwa wa nani? Nilitarajia aniambie kwamba alikuwa wa wote, maana ndivyo tunavyopenda kuamini sisi vijana tuliosoma. Hakuniambia hivyo. Aliniambia paa na sungura walikuwa wa aliyewaua na wa jirani zake, lakini chui ngozi yake ilikwenda kwa mwami, na aliyeificha alijitafutia balaa. Waha walikuwa na falme zao, Heru huku Kasulu, Muhambwe na Buyungu upande wa Kibondo na nyinginezo, na kila mwami alikuwa na vitu vyake visivyoguswa. Tusidanganyane basi kwamba sheria ya mnyama ililetwa na meli. Kilicholetwa na meli ni leseni.

Leseni ina tarehe yake. Tarehe 7 Mei 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji kwa koloni zima la Afrika Mashariki ya Kijerumani: anayetaka kuwinda awe na kibali cha kulipia, na maeneo mengine yatengwe yasiwindwe kabisa. Miaka minne baadaye, mwezi Mei 1900, mataifa ya Ulaya yenye makoloni yalikutana London yakatia sahihi mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika. Soma mkataba ule uone unachokichukia: pamoja na mambo mengine unataka nyavu na mashimo ya kutegea yawekewe mipaka. Bunduki ya mwenye leseni haikuwa tatizo. Wavu, shimo na tanzi, zana za mtu asiye na bunduki, ndizo zilizoonekana ukatili. Mwafrika hakuwepo kwenye kikao, hilo sina haja ya kulisema.

Na sanaa ilifuata mara moja, kama ilivyomfuata Louis wa 15. Mchoraji Wilhelm Kuhnert, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1865, alifika nchi yetu kwa mara ya kwanza mwaka 1891, akarudi mwaka 1905 na tena mwaka 1911. Alikuwa mwindaji na mchoraji kwa pamoja. Alimwua mnyama, akamchunguza na kumchora, halafu akirudi Berlin anamfufua katika turubai, simba anaunguruma, tembo anatembea jioni. Wajerumani wa vizazi viwili walijifunza sura ya Afrika kutoka kwake, maana picha zake zilichapwa katika vitabu vya wanyama na kutundikwa madarasani. Safari yake ya pili iliangukia Vita vya Maji Maji. Alikuwapo Mahenge boma liliposhambuliwa mwezi Agosti 1905, akashika bunduki upande wa Wajerumani. Mkono uleule uliopima mane ya simba. Mwaka 2018 mji wa Frankfurt ulimfanyia maonyesho makubwa, safari hii wakieleza na habari za vita, jambo la kupongezwa japokuwa limechelewa.

Baada yake kamera ikachukua kazi ya brashi. Carl Georg Schillings alikuwa akipiga picha za wanyama usiku kwa mwanga wa baruti, na kitabu chake cha mwaka 1905 kilisomwa Ulaya nzima. Theodore Roosevelt, aliyetoka tu kuwa Rais wa Marekani, alipita Kenya, Uganda, Kongo na Sudani mwaka 1909 na 1910. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 kwa bunduki zao wawili, kwa hesabu waliyoitoa wenyewe. Hapo ndipo ulipoenea ule mkao tunaoujua sote: mnyama kalala, bunduki imeegemezwa ubavuni pake, mwenye leseni kapiga goti nyuma ya pembe, na waliombeba mnyama hawamo pichani, au wamo pembeni bila majina. Mkao huo bado unaishi. Vitalu vya uwindaji wa kitalii Moyowosi vilipokea wageni kwa ajili ya nyati na nzohe, na mgeni alilipia kibali, akapiga picha, akaondoka na pembe. Ukimwondoa mtu pichani, ukabakiza mnyama na bunduki, unapata Desportes mtupu.

Wachoraji wetu wenyewe, ajabu, hawachori mnyama aliyekufa. Wasandawe na wengine waliochora kwenye miamba ya Kondoa walichora pofu na twiga wakiwa wima. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alichora chui na ndege wakitabasamu. Naelewa sababu moja: mnunuzi alikuwa mgeni, na mgeni alitaka Afrika iliyo hai. Tingatinga mwenyewe alipigwa risasi na polisi mwaka 1972 kwa kudhaniwa mhalifu. Maisha ya wanyama wake yamekuwa marefu kuliko yake.

Sasa nirudi Buha, maana huku ndiko moyo wangu uliko. Wabelgiji walituchukua kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, wakatukabidhi kwa Waingereza mwaka 1921. Waingereza wakakuta ndorobo na malale. Kuanzia mwaka 1933 watu wa Buha walihamishwa kutoka vijiji vyao vilivyotawanyika, wakakusanywa katika makazi maalumu ili wafyeke pori kwa wingi na kumkimbiza mbung'o. Nia ilikuwa kuokoa maisha, na malale si ugonjwa wa mchezo. Lakini nyuma yao ardhi waliyoiacha iliota miti, wanyama wakaingia, na baada ya miaka kadhaa mtu aliyekuja na ramani aliona pori la asili lisilo na mwenyewe. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alionyesha kwamba jambo hili lilitokea sehemu nyingi za nchi yetu tangu sotoka ya ng'ombe ya miaka ya 1890: pori lilisonga mbele pale watu walipopungua. Wazee wetu waliliita jambo hilo kwa jina fupi zaidi: mahame. Ukitembea msituni ukakuta jiwe la kusagia, ujue hapo palikuwa jikoni kwa mtu.

Vijana waliobaki walikwenda Tanga kukata mkonge, manamba, na ile ofisi ya kuajiri ya SILABU ilichota watu Kasulu na Kibondo kwa miaka mingi. Kuhusu hilo wameandika wengine, mimi napita.

Halafu wakaja wageni. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na maelfu kwa maelfu wakavuka mpaka kuingia Kibondo na Kasulu. Mwishoni mwa 1996 vita vya Kongo vikawaleta Wakongo wa Kivu ya Kusini, na Nyarugusu ikafunguliwa kwenye kata yetu. Mwaka 2015 Warundi wakaja tena, na kambi ile moja ikawa na watu zaidi ya 150,000. Mgao wa chakula ulikuwa unga, maharage, mafuta, chumvi. Nyama haikuwemo. Mtu aliyezoea kula nyama kwao, akapewa maharage miaka kumi, tena haruhusiwi kufanya kazi wala kutoka kambini bila kibali, unadhani atafanya nini akiwa amezungukwa na pori?

Walipata jina zuri: mchicha wa usiku. Nyama ya pori ilipikwa giza likishaingia, na anayeulizwa anapika nini anajibu mchicha. Mwaka 2008 shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti iliyoibeba nahau hiyohiyo kuwa jina lake. Humo walieleza kwamba katikati ya miaka ya 1990 ilikadiriwa tani 7.5 za nyamapori haramu zililiwa kila wiki katika kambi mbili kubwa tu za kaskazini-magharibi ya nchi. Waandishi wake walisema jambo ambalo wengi hawakulitegemea kutoka kwa watu wa hifadhi: chanzo ni kukosekana kwa nyama kwenye mgao, na wahisani walikuwa wanakwepa gharama ambayo wanyama waliilipa. Mimi nimeongeza kusoma hapo: na wenyeji pia waliilipa, kwa sababu soko likishakuwepo, mtegaji hatoki kambini peke yake. Anatoka kijijini pia. Anatoka kwetu.

Hapa lugha yetu ya sheria inastahili kutazamwa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1974, na ile ya mwaka 2009 iliyoifuata, zinazungumzia "nyara za Serikali". Pembe ya ndovu ni nyara ya Serikali, sawa. Lakini na kipande cha nyama ya pongo kilichokauka ni nyara ya Serikali. Nyara, katika Kiswahili cha mtaani na cha vitabuni, ni mali iliyotekwa vitani. Aliyeteka ni nani, na vita ilikuwa ipi? Sheria haisemi. Inachosema ni kwamba kupatikana na nyara hizo bila kibali kunaweza kukupeleka gerezani miaka 20 hadi 30.

Nyama, lakini, inaoza, na kesi za kwetu hazina haraka. Ndiyo maana mwongozo wa Jeshi la Polisi, PGO namba 229, aya ya 25, unaagiza kwamba kidhibiti cha kuoza kipelekwe kwa hakimu pamoja na mshitakiwa, hakimu akione, aamuru kiteketezwe, na inapowezekana kipigwe picha kwanza. Mahakama ya Rufani imeshasema zaidi ya mara moja kwamba mshitakiwa lazima awepo na asikilizwe, ama sivyo ile hati ya kuteketeza haina nguvu juu yake. Angalia sasa tulipofika: sheria yenyewe inadai maumbile yaliyokufa. Inataka mnyama aliyeuawa apangwe chini, na zana zake kando, mwanga wa kutosha, picha ipigwe, iwekwe jaladani. Tofauti na ya Oudry ni kwamba hii haimwambii mgeni kwamba mwenye nyumba anaruhusiwa. Inasema kinyume chake.

Baba yangu mdogo alishitakiwa kwa nyama ya pongo. Ofisi iliyomkamata na mahakama iliyomhukumu sitazitaja. Alikaa ndani miaka mitatu na miezi, akatoka kwa rufaa, kwa sababu nyama iliteketezwa yeye akiwa mahabusu, hakuitwa, hakuulizwa, na picha haikupigwa. Walichokuwa nacho ni karatasi yenye sahihi. Watu nyumbani walisema ni maombi. Mwanasheria alisema ni aya ya 25.

Sitaki kumtetea kupita kiasi. Pongo alimtega, mwenyewe hajawahi kukana mbele yetu. Kwenye pori ambako mzee wa gobore aliwahi kuona mabata na nyati kwa mamia, siku hizi waweza kutembea siku nzima ukaona kinyesi tu. Waya hauchagui, unakamata na mwenye mimba. Ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, iliyoingizwa mwaka 2000 kwenye orodha ya Ramsar ikiwa ya kwanza nchini, si mali ya mtu mmoja mwenye njaa. Haya yote nayakubali. Ninachokataa ni kumtazama mtegaji kama mtu aliyeshuka jana kutoka mbinguni na waya mkononi, bila 1896, bila 1933, bila 1996.

Mwaka 2020 Serikali ilitoa kanuni za kuruhusu mabucha ya nyamapori. Mwananchi anaweza, kwenye duka lenye kibali, kununua kilo ya nyumbu au pofu kwa risiti. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu: Oudry alitundika sungura na paja la kondoo pamoja kama mzaha wa kiungwana, na sisi miaka 278 baadaye tumeviweka kwenye ndoano moja kwa kanuni. Ni hatua, na ni nzuri. Mzee wangu wa gobore alipoambiwa akauliza bei.

Picha ya kesi ya baba mdogo, kama nilivyosema, haipo. Nimejaribu kuitengeneza kwa kuwauliza waliokuwepo. Mama mdogo ndiye anayekumbuka vizuri. Walipoingia ilikuwa saa mbili usiku, taa ya chemli ikiwaka. Wakatoa vitu nje, wakavipanga uani juu ya mfuko wa mbolea uliopasuliwa: paja moja la pongo lililokwishabanikwa, kichwa, nyaya nne, panga lenye mpini wa mpira, na sufuria kubwa ya alumini namba kumi, ikiwa na mchuzi ndani. Askari mmoja alimulika tochi juu ya vitu hivyo kwa muda mrefu, akiviandika. Kila kitu kikaingia garini.

Nyaya, panga na nyama hajaviulizia hata mara moja. Sufuria ilikuwa ya kikundi cha akina mama, ya kupikia kwenye misiba, yeye alikuwa ameazima. Ilimbidi auze mbuzi ili ailipe, na baada ya rufaa alikwenda mara mbili kuiulizia, akaambiwa kwenye orodha ya vidhibiti hakuna sufuria.